Kundi dhaifu la nyuki baada ya baridi: Liokolewe au liunganishwe?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mabonde yaliyo chini ya milima ya Alps, nchini Slovenia, mwezi Machi ni mwezi wa matumaini na wa hofu kwa mfugaji wa nyuki. Theluji imeanza kuyeyuka, jua limerejea, na mierebi iliyo kandokando ya mito imeanza kutoa chavua, ule unga wa maua unaowalisha watoto wa nyuki. Mfugaji aliyekaa miezi mitano bila kuifungua mizinga yake hutoka asubuhi, akatega sikio kwenye ubao wa kila mzinga na kusikiliza. Wa kwanza unavuma kwa nguvu. Wa pili unavuma vilevile. Wa tatu unatoa sauti nyembamba, kama ya mtu anayenong'ona ndani ya chumba kikubwa.

Huo wa tatu ndio unaohusika katika makala haya. Ndani yake yumo malkia pamoja na nyuki wachache wanaoweza kuenea katika masega mawili au matatu tu, ilhali mzinga una nafasi ya masega kumi. Hawajafa, lakini nguvu zimewaishia. La kushangaza kwa asiyeijua kazi hii ni kwamba makundi mengi ya namna hiyo hayafi katikati ya baridi kali. Hufa wakati maua yamekwisha kuanza kuonekana, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya neema kuwafikia.

Je, kundi hilo laweza kuokolewa? Na kama laweza, ni kwa gharama ya nani? Maana nguvu atakazopewa aliye dhaifu aghalabu hutoka kwa jirani yake aliye na afya.

Si jambo dogo

Slovenia ni nchi ya watu milioni mbili hivi, lakini ina wafugaji wa nyuki zaidi ya elfu kumi. Ni huko alikozaliwa Anton Janša, mwaka 1734, ambaye baadaye aliitwa Vienna kufundisha ufugaji wa nyuki katika shule iliyofunguliwa na utawala wa Malkia Maria Theresa. Umoja wa Mataifa ulipoamua mwaka 2017 kuwa na Siku ya Nyuki Duniani, ulichagua Mei 20, kwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwake.

Lakini tatizo la makundi kudhoofika wakati wa baridi halina mipaka. Nchini Marekani, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006, wafugaji waliripoti kukuta mizinga mitupu, nyuki watenda kazi wametoweka na malkia ameachwa na wachache. Miaka mingi baadaye hali haijatengemaa. Uchunguzi uliofanywa mapema mwaka 2025 ulionyesha kuwa wafugaji wakubwa wa nchi hiyo walipoteza, kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 ya makundi yao kati ya Juni 2024 na Machi 2025.

Hasara hiyo haiishii kwenye asali. Jimbo la California huzalisha takriban asilimia 80 ya lozi zote duniani, na milozi huchanua Februari, wakati ambapo baridi haijaisha. Kila mwaka malori husafirisha makundi ya nyuki kutoka pande zote za Marekani ili yakachavushe mashamba hayo. Mikataba mingi huhitaji kundi liwe na nyuki wa kuenea masega manane hivi. Kundi la masega matatu halimpatii mwenyewe kitu. Kwa mfugaji wa namna hiyo, udhaifu wa kundi ni deni lisilolipika.

Wanavyoipita baridi

Ili kuelewa namna ya kulisaidia kundi dhaifu, hatuna budi kuelewa kwanza jinsi nyuki wanavyoipita baridi.

Nyuki wa asali hawalali usingizi wa miezi kama wafanyavyo baadhi ya wanyama wa nchi za baridi. Joto la nje linaposhuka hadi kukaribia nyuzi 10 za Sentigredi, hukusanyika juu ya masega na kufanya umbo la tufe. Walio pembeni hubanana, vichwa vikielekea ndani, wakawa kama blanketi. Walio ndani hula asali na kuitikisa misuli ya mabawa bila kuyapiga mabawa yenyewe. Mtikisiko huo ndio moto wa nyumba yao, na asali ndiyo kuni.

Kadiri tufe hilo linavyokuwa kubwa, ndivyo linavyohifadhi joto kwa urahisi. Uji ulio ndani ya chungu kikubwa huchelewa kupoa, lakini ule uliopakuliwa kikombeni hupoa upesi. Kundi dogo ni uji wa kikombe. Kila nyuki aliyemo hulazimika kula zaidi na kufanya kazi zaidi ili joto lisipotee, na hivyo huchakaa mapema.

Nyuki wanaoipita baridi si sawa na wale wa majira ya joto. Mtenda kazi wa majira ya joto huishi wiki sita hivi. Yule aliyezaliwa mwishoni mwa majira hayo, akalishwa vyema na kujiwekea akiba ya mafuta na protini mwilini, aweza kuishi hadi miezi sita. Ndiye anayeivusha familia kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine. Ifikapo Machi, hata hivyo, naye ni mzee.

Hapo ndipo penye mtego. Malkia huanza tena kutaga siku zinapoanza kurefuka, mara nyingi Januari au Februari. Watoto wa nyuki, ambao kwa Kiswahili huitwa majana, huhitaji joto la nyuzi 34 au 35 wakati wote. Ulaji wa asali huongezeka ghafla. Yai lililotagwa leo litatoa nyuki baada ya siku 21, na nyuki huyo atahitaji takriban wiki tatu nyingine kabla hajaanza kutoka kutafuta chakula nje. Kwa maneno mengine, kati ya yai na msaidizi kamili wa familia kuna wiki sita.

Katika muda huo wazee wanaendelea kufa. Kundi kubwa huweza kuzihimili hesabu hizo. Kundi dogo hupoteza nyuki kwa kasi kuliko linavyozaa, na majana yakiwa machache kwa kukosa joto, pengo huzidi kupanuka. Ndiyo maana kundi laweza kuonekana hai mwanzoni mwa Machi na mwishoni mwa mwezi likawa limekwisha, huku nje maua yakizidi kuchanua.

Chanzo kwanza

Kosa la kwanza la mfugaji mwenye huruma ni kukimbilia sukari. Wataalamu wa ufugaji wa nyuki husisitiza kuwa udhaifu ni dalili tu, na kwamba msaada unaofaa hutegemea chanzo chake. Ukaguzi hufanywa siku yenye jua na utulivu, joto la nje likiwa limefika walau nyuzi 12 hadi 15, na ufanywe haraka, kwani majana yaliyopigwa na baridi hufa.

Jambo la kwanza kutazamwa ni chakula. Kundi la Ulaya ya kati huhitaji kuingia majira ya baridi likiwa na asali ya kilo 15 hadi 20, na zaidi ya hizo katika maeneo yenye baridi ndefu kama Kanada. Nyuki waliokufa kwa njaa hukutwa vichwa vyao vikiwa ndani ya vijumba vya sega, kana kwamba walikuwa wakilamba tone la mwisho. Huweza hata kufa njaa asali ikiwa umbali wa kiganja, kwa sababu baridi iliwazuia kuhama kutoka sega moja kwenda jingine.

La pili ni malkia. Si lazima aonekane mwenyewe, mayai yake yanatosha kumshuhudia. Malkia mzima hutaga yai moja katikati ya sakafu ya kila kijumba, na majana yake hufunikwa kwa vifuniko bapa vilivyokaa pamoja. Vifuniko vikiwa vimetuna kama vichwa vya risasi katika vijumba vya watenda kazi, maana yake ni kuwa malkia ameishiwa mbegu na sasa anazaa madume matupu. Kijumba kimoja kikiwa na mayai mawili, matatu au zaidi, na mengine yamebandikwa ukutani, huenda malkia alikufa zamani na watenda kazi wenyewe wameanza kutaga. Mayai yao hayatoi chochote ila madume. Kulilisha kundi la namna hiyo ni kumwaga maji mchangani.

La tatu ni maradhi na vimelea. Adui mkubwa zaidi ni utitiri wa varoa, mdudu mdogo mwekundu wa kahawia ambaye asili yake ni nyuki wa Asia. Alipohamia kwa nyuki wa asali wa magharibi alikuta wenyeji wasiojua kumkabili. Alifika Ulaya Magharibi katika miaka ya 1970, akaonekana Marekani mwaka 1987, Uingereza mwaka 1992, na mwaka 2022 aligunduliwa katika bandari ya Newcastle nchini Australia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa utitiri huyo hula zaidi ile tishu ya mafuta iliyo mwilini mwa nyuki, na si kunyonya damu tu kama ilivyoaminika awali. Kwa hiyo hula akiba ileile inayomwezesha nyuki wa baridi kuishi miezi sita. Aidha, hueneza virusi, kikiwamo kile kinachowafanya nyuki wazaliwe na mabawa yaliyokunjamana. Katika hasara ya Marekani ya mwaka 2025, wanasayansi wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo walikuta virusi hivyo vinavyoenezwa na varoa, pamoja na utitiri wenye usugu dhidi ya dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi.

Zaidi ya varoa, mabaka ya kinyesi cha rangi ya kahawia mlangoni na juu ya masega huweza kuashiria ugonjwa wa nosema, ingawa uhakika hupatikana kwa hadubini tu. Vifuniko vya majana vilivyobonyea, vyenye matundu na harufu mbaya, ni onyo la ugonjwa hatari wa kuoza kwa majana. Mfugaji huchovya njiti ya kiberiti ndani ya kijumba, na ikitoka na uzi unaovutika kama kamasi, hana budi kusimamisha kila kitu. Vijidudu vya ugonjwa huo huweza kuishi miongo kadhaa ndani ya masega na asali. Katika nchi kama Uingereza sheria inamtaka mfugaji aiarifu mamlaka husika mara anapoushuku. Kundi kama hilo haliokolewi wala haliunganishwi na jingine.

Joto kabla ya karamu

Tuseme ukaguzi umeonyesha kuwa malkia yupo na anataga vizuri, hakuna ugonjwa unaoonekana, na tatizo ni uchache tu. Hapo pana tumaini, na hatua ya kwanza ni kuipunguza nyumba.

Masega matupu yasiyo na nyuki huondolewa, yakabaki yale yanayoenewa na nyuki pamoja na sega moja au mawili ya chakula pembeni. Ubao husimamishwa kando ya masega hayo ili kuwatenga nyuki na nafasi tupu. Mlango hupunguzwa ukawa wa upana wa kidole au viwili, jambo linalopunguza upepo na pia kuwawezesha walinzi wachache kuzuia nyuki wa mizinga mingine wasije kupora. Juu, chini ya kifuniko, huwekwa kitu cha kuzuia joto lisipotee, kwani joto hupanda. Mzinga wenyewe lazima uwe mkavu, maana unyevunyevu huwadhuru nyuki hata kuliko baridi.

Baada ya hapo ndipo huja chakula. Kilicho bora ni sega la asali lililotoka katika mzinga wa mfugaji huyohuyo ambao afya yake inajulikana. Asali ya kununuliwa au isiyojulikana ilikotoka haifai, kwa sababu yaweza kubeba vijidudu vilivyotajwa hapo juu. Kama hakuna sega, hutumika sukari nyeupe. Sukari ya kahawia na molasi huwaharisha nyuki.

Wakati bado kuna baridi, sukari hutolewa ikiwa donge laini, ikawekwa juu kabisa ya nyuki ili waifikie bila kuliacha tufe. Joto likishapanda na nyuki wakawa wanatoka nje kila siku, huweza kupewa shira ya uzito sawa wa sukari na maji, ikiwa vuguvugu, kidogo kidogo, wakati wa jioni. Ikimwagika nje huita waporaji, na kundi dhaifu haliwezi kupigana nao.

Kipimo ni muhimu. Shira nyingi kupita kiasi huyajaza masega na kumnyima malkia mahali pa kutaga. Aidha, huwafanya nyuki waamini kuwa neema imefika, wakalea majana mengi kuliko wanayoweza kuyapa joto. Usiku mmoja wa barafu ukitokea, hulazimika kujikusanya na kuyaacha majana ya pembeni yafe. Mfugaji huwa amewaua kwa wema.

Chavua nayo haina mbadala kamili. Bila chavua hakuna protini, na bila protini walezi hawawezi kutengeneza maziwa ya kuwalisha majana. Mahali ambapo mierebi na maua ya mapema ni haba, wafugaji hutoa mkate wa chavua iliyohifadhiwa au wa unga wa soya na hamira. Maji safi karibu na mizinga, mahali penye jua, huwaepusha nyuki wachache na safari ndefu katika hewa ya baridi.

Kuazima kwa jirani

Ikiwa baada ya wiki mbili au tatu kundi limepata nafuu lakini linakua polepole mno, mfugaji huweza kuazima nguvu kutoka mzinga wenye afya. Jambo hili limewezekana kutokana na mzinga wa fremu zinazohamishika, uliosajiliwa na Mmarekani Lorenzo Langstroth mwaka 1852, ambao aina yake inatumika hadi leo duniani kote, ikiwamo Afrika Mashariki.

Kinachohamishwa ni sega moja la majana yaliyokwisha kufunikwa na yanayokaribia kutoka. Majana ya namna hiyo hayahitaji tena kulishwa, yanahitaji joto tu, na baada ya siku chache hutoka nyuki vijana. Sega moja lililojaa huweza kutoa nyuki karibu sawa na wote waliomo katika kundi dhaifu. Wafugaji wengi wasio na uzoefu hukosea kwa kutoa majana machanga, wakawaongezea wachache mzigo wa watoto wasioweza kuwalisha. Ni lazima pia kuhakikisha kwamba malkia wa mzinga unaotoa hajabebwa pamoja na sega hilo.

Njia nyingine ni kuuweka mzinga dhaifu juu ya mzinga wenye nguvu, katikati ukiwapo wavu unaoruhusu watenda kazi kupita lakini unaomzuia malkia. Joto la kundi kubwa hupanda na kulifaa kundi dogo, na baadhi ya walezi wa chini hupanda kuyahudumia majana ya juu. Baada ya wiki kadhaa makundi hayo hutenganishwa, kila moja na malkia wake.

Lakini hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Kundi lenye nguvu mwezi Aprili ndilo litakalokusanya asali mwezi Mei. Likinyang'anywa majana wakati huo, mavuno yake hupungua, na likinyang'anywa mara mbili au tatu, mfugaji huishia kuwa na makundi mawili ya kawaida mahali ambapo angekuwa na moja lenye nguvu tele. Kwa sababu hiyo wafugaji wazoefu hawachukui kitu kutoka kwa mwenye nguvu mpaka wawe na uhakika kuwa chanzo cha udhaifu wa mwenzake kimekwisha kuondolewa.

Gazeti kati ya mizinga miwili

Iwapo kundi halina malkia, au malkia wake ni mzee na nyuki hawaenei hata masega mawili, uamuzi wa busara mara nyingi si kuliokoa bali kuliunganisha na jingine. Sharti moja halina mjadala: kundi hilo liwe halina ugonjwa.

Hapa gazeti la kawaida hufanya kazi ambayo wahariri wake hawakuikusudia. Nyuki wa makundi mawili tofauti wakichanganywa ghafla hupigana mpaka kufa, kwa kuwa kila familia ina harufu yake. Mfugaji hutandaza karatasi moja ya gazeti juu ya mzinga wenye nguvu, akaitoboa matundu machache madogo kwa ncha ya msumari, kisha akauweka mzinga dhaifu juu yake. Nyuki wa pande zote mbili hutafuna karatasi hiyo. Katika siku moja au chache wanazozichukua kuipenya, harufu huchanganyika, na wanapokutana wamekwisha kuwa ndugu. Vipande vya karatasi huonekana vimetupwa nje ya mlango.

Kabla ya hapo, malkia aliye dhaifu huondolewa. Ni kazi isiyopendeza, lakini kuwaacha malkia wawili wapigane ni kubahatisha, kwani yule bora aweza kuumia. Ikiwa katika mzinga dhaifu watenda kazi ndio wanaotaga, tahadhari zaidi inahitajika, maana nyuki wa aina hiyo huweza kumuua malkia wa wenyeji wao. Wafugaji wengi hulikung'uta kundi la namna hiyo mbali na kituo na kuwaacha nyuki watafute hifadhi katika mizinga mingine.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni kwamba makundi mawili dhaifu yakiunganishwa, mara nyingi hupatikana kundi moja dhaifu. Umoja ni nguvu, lakini wazee wawili waliochoka hawafanyi kijana mmoja. Ni afadhali kundi dhaifu liunganishwe na lile la kadiri au lenye nguvu. Baadaye, katika majira ya joto, mfugaji huweza kuligawa kundi hilo kubwa, akalipa pande mojawapo malkia kijana, na idadi ya mizinga yake ikarudi kama ilivyokuwa.

Lipo fundisho pia katika aina ya nyuki. Nyuki wa asili ya Slovenia, wajulikanao kwa jina la karnika, husifika kwa kuipita baridi wakiwa kundi dogo, wakila akiba kidogo, kisha kuongezeka kwa kasi chavua ya kwanza inapopatikana. Kwa hiyo kundi ambalo lingeonekana dhaifu kwa mfugaji wa nyuki wa Italia laweza kuwa la kawaida kwake. Uchache peke yake hautoshi kutoa hukumu. Linalotazamwa ni iwapo wiki hii majana ni mengi kuliko wiki iliyopita.

Kwa wafugaji wa nchi zetu

Msomaji wa Afrika Mashariki aweza kuuliza haya yanamhusu nini, maana huku hakuna theluji. Nyuki wetu, hata hivyo, nao wana majira yao ya njaa, hasa maua ya misitu ya miombo yanapokwisha, kiangazi kinapozidi au mvua zinapowazuia kutoka. Tofauti iko katika tabia. Nyuki wa Ulaya hana pa kwenda wakati wa baridi, kwa hiyo hukaa na kuvumilia. Nyuki wa Afrika, chakula kikiisha au usumbufu ukizidi, huuacha mzinga na kuhama familia nzima. Huku kundi dhaifu mara nyingi halifi mbele ya macho ya mwenyewe, huondoka.

Varoa naye yuko huku. Watafiti walithibitisha kuwapo kwake Kenya na Tanzania mwaka 2009, ingawa nyuki wetu wameonyesha kumhimili vizuri zaidi kuliko wenzao wa kaskazini.

Kanuni za msingi ni zilezile. Mfugaji anayerina asali asikombe masega yote, bali awaachie nyuki akiba ya kuwavusha hadi maua mengine. Mzinga uwe na kivuli, uwe na maji jirani, na ulindwe dhidi ya siafu na sisimizi. Mwenye mizinga ya fremu, au ile ya vipande vya miti iliyobuniwa Kenya katika miaka ya 1970, huweza kuipunguza nafasi kwa ubao kundi linapopungua. Mwenye mizinga ya magogo na magome hana nafasi hiyo, kwa hiyo kinga yake kubwa ni kiasi anachokiacha siku ya kurina.

Baridi huanza Agosti

Wafugaji wa kaskazini wana imani kwamba maandalizi ya baridi huanza Agosti. Katika mwezi huo, jua likiwa bado kali, ndipo wanapolazimika kupambana na varoa, kabla hawajazaliwa wale nyuki watakaoishi miezi sita. Ndipo wanapopima uzito wa mizinga, kubadili malkia aliyechoka, na kuunganisha makundi madogo ambayo ni dhahiri hayataiona Machi. Yote yanayofanywa wakati wa maua ya kwanza ni kulipia yale yaliyoachwa wakati huo. Kinga, kama wasemavyo wahenga, ni bora kuliko tiba.

Lakini mzinga wa tatu bado uko pale, unanong'ona, na Agosti imekwisha kupita. Mfugaji huuinua kifuniko kwa dakika chache tu. Akikuta mayai mapya, moja moja, yamesimama wima katikati ya vijumba, atauondoa utupu, atauziba upepo, ataweka donge la sukari juu ya vichwa vya nyuki na kuuacha kwa wiki tatu. Asipoyakuta, atarudi nyumbani kutafuta gazeti la jana.